Mkwe Ubaoni

Tangu Getruda aolewe, mama yake, Bernadeta wa Kwihara, hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Haikuwa chuki. Alimpenda sana yule kijana, na alimsifu kwa majirani mpaka wakachoka kumsikiliza. Lakini kwa watu wa kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wa kukwepana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Chakula hawali pamoja, na jina la mwenzake mtu halitamki. Hata siku ya harusi kanisani, Bernadeta alijifunika kanga mpaka puani, akamwona bwana harusi kuanzia magotini kwenda chini. Watu walipomwuliza mkwe ni mtu wa namna gani, alisema ana viatu vizuri.

Jina la kijana huyo lilikuwa Anton Mahona. Alikuwa mmoja wa madaktari Waafrika wachache katika Jimbo la Magharibi. Alisomea Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka ule wa 1957 alikuwa amerudishwa hukohuko kwa miezi michache, ajifunze namna ya kuwafundisha wenzake wa kazi. Getruda alibaki Tabora mjini, katika nyumba ndogo ya wafanyakazi wa hospitali, akimsubiri.

Bernadeta mwenyewe alikuwa mkunga. Masista walimfundisha kazi akiwa msichana, wakampa sanduku la bati lenye mkasi, uzi na dawa ya macho ya watoto, na tangu hapo alikuwa akizalisha katika dispensari ya misheni jirani na Kwihara. Nusu ya watoto waliokuwa wakikimbizana na mbuzi kijijini walipita mikononi mwake. Mtoto aliyetanguliza miguu alimweza. Mapacha aliwaweza. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimshinda, nacho ni damu ile inayokuja baada ya mtoto kutoka.

Masika yaliyopita ilimchukua mke wa jirani yake. Yule mama alizaa vizuri, akamtania mumewe kwamba mtoto amechukua pua yake, wote wakacheka. Mara damu ikafunguka. Bernadeta alimkanda tumbo, akainua miguu ya kitanda, akaita wanaume wenye machela. Walipofika barabara ya mjini, hakukuwa tena na haja ya kuharakisha.

Kwa hiyo siku Sista Josepha wa misheni alipomwambia kwamba Makerere inaleta Tabora masomo ya wiki tatu kwa wakunga na madresa, wale wafunga vidonda wa dispensari, walio kazini tayari, na kwamba somo moja ni sindano ya kuzuia damu baada ya kuzaa, na atakayefaulu atapewa dawa hiyo akae nayo kwenye dispensari yake, Bernadeta aliitikia kabla Sista hajamaliza.

Mumewe, Lugembe, alikuwa akimenya karanga barazani.

“Unakwenda shule na mvi hizo?” aliuliza.

“Kwani nitaandika kwa nywele?” alijibu Bernadeta, akaendelea kukunja kanga zake.

Masomo yalifanyika katika chumba kirefu karibu na hospitali, chenye mabenchi na ubao mmoja. Wanafunzi walikuwa watu wazima wa kutoka pande zote za reli. Bernadeta alikaa na Veneranda, mkunga wa Tura, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng’ombe, aliyekuja kwa treni akiwa na mfuko mzima wa matobolwa. Kabla somo halijaanza walikuwa wamekwisha kugawana viazi hivyo vikavu na kuelezana idadi ya wajukuu.

Walikuwa wameambiwa mwalimu ni daktari wa Kizungu, mtu mzima. Lakini mzee huyo alipatwa na homa njiani, akabaki Mwanza kitandani, na aliyeingia mlangoni asubuhi ile alikuwa mtu mwingine.

“Mwangaluka, wazazi wangu,” aliwaamkia. “Habari za safari?”

Darasa zima likaitika, isipokuwa Bernadeta. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia mara nyingi nyuma ya ukuta wa nyumba yake, ikizungumza na Lugembe mambo ya mahari na harusi. Akavuta kanga kichwani, akageuka juu ya benchi kama mtu aliyeumwa na siafu, akakaa akitazama ukuta.

Anton naye aliona ile kanga ikigeuka. Alimjua mama mkwe wake kwa namna anavyojificha. Chaki ikamponyoka. Akainama kuiokota, akaona haifai kuinuka akiwa amewaelekea watu, basi akatoka nje akiwa bado ameinama. Wanafunzi wakatazamana.

“Mwalimu anaumwa tumbo?” Veneranda aliuliza.

“Ni mkwe wangu,” Bernadeta alinong’ona ukutani. “Amemwoa Getruda wangu. Nilidhani yuko Kampala! Veneranda, mimi narudi nyumbani.”

Mwalimu alirudi baada ya muda, akitembea kinyumenyume. Alifika ubaoni hivyohivyo, akaanza kufundisha huku uso wake ukiwa kwenye ubao. Somo la kwanza lilikuwa usafi wa mikono, si jambo la kuonea haya, likapita salama. Lakini mtu aliyechungulia dirishani siku ile angeona kichekesho: mgongo wa mwalimu huku, mgongo wa mwanafunzi kule, na katikati watu wakijizuia kucheka mpaka machozi yanawatoka.

Siku iliyofuata ndipo kazi ilipoanza. Somo lilikuwa nyonga ya mwanamke na njia ya mtoto. Anton alichora ubaoni, akafuta, akachora tena kidogo zaidi. Kila alipofika kwenye neno lenyewe alikohoa. “Halafu mtoto anapita kwenye… kwenye… pale.” Akaonyesha dirisha.

“Wapi, mwalimu?” Veneranda alipaza sauti. “Kwa dirishani?”

Darasa likapasuka kwa vicheko. Hata yule dresa wa Bukene, Raymundi, mtu asiyecheka ovyo, alilaza kichwa juu ya meza. Bernadeta peke yake hakucheka. Aliona wazi kwamba kwa sababu yake watu wote hawa watarudi vijijini hawajajifunza kitu. Baada ya kipindi alifunga mzigo wake.

Veneranda alimnyang’anya ule mzigo, akaukalia.

“Umekuja kutafuta nini hapa?” aliuliza.

“Sindano.”

“Basi kaa. Wewe ongea na mimi, mimi nitaongea naye.”

Tangu siku hiyo Veneranda akawa mpeleka maneno. Bernadeta alinong’ona ukutani, Veneranda akatangaza. “Mwalimu, mama anauliza, kondo la nyuma likikwama asubiri kiasi gani kabla ya kumpeleka mgonjwa mjini?” Naye Anton akaujibu ubao: “Mwambie mama asisubiri, aanze safari mapema.” Mambo yakaenda vizuri kiasi, ila Veneranda alipata raha ya kazi yake mpya, akaanza kuongeza yake. “Mama anauliza kama leo tunaweza kutoka mapema, jua kali.” Siku nyingine: “Mama anasema ugali wa bwenini ni mbichi.” Bernadeta alimfinya chini ya meza, lakini ugali ukapikwa vizuri tangu jioni ile.

Jumapili, baada ya misa, Bernadeta alikwenda kumsalimu binti yake. Alijua Anton hushinda hospitali siku hiyo, kwa hiyo alipiga hodi bila wasiwasi. Ndani kukasikika kishindo, sufuria ikaanguka, dirisha la nyuma likagonga ukuta. Getruda alifungua mlango akiwa amejishika mbavu.

“Shikamoo, mama. Karibu.”

“Marahaba. Kuna nini huko nyuma?”

“Ni kuku.”

Bernadeta aliketi, akapewa maji. Kule bandani kuku wakaanza kulalamika kama wameingiliwa na mgeni, kisha mmoja wa hao kuku akapiga chafya, chafya kubwa ya mwanaume. Getruda hakuweza tena. Alikaa sakafuni akacheka mpaka kanga ikamfunguka. Mama yake naye, ingawa alijitahidi, akaanza kutikisika mabega.

Walipotulia, Bernadeta alisema kwa huzuni kidogo, “Mwanangu, wiki hii ndiyo ya sindano. Mtihani wake hauna wa kumtuma. Kila mtu anasimama mezani, mwalimu anamtazama mikono. Yeye hawezi kunitazama na mimi siwezi kutazamwa. Nitatoka hapa mikono mitupu.”

“Si kuna mbuzi?” Getruda aliuliza.

Bernadeta alijua mbuzi gani. Kwao, haya ya ukwe ina mwisho wake. Mkwe huleta mbuzi na kitambaa kipya, wazee wanakaa, yeye na mama mkwe wanakula chungu kimoja, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana uso kwa uso. Lakini hilo hufanyika mtoto wa kwanza akishazaliwa, na Getruda hakuwa na mtoto bado.

“Shangazi yako hatakubali,” alisema Bernadeta.

“Sasa tutajuaje bila kumwuliza?”

Getruda hakulilalia jambo hilo. Jumatatu alipanda baiskeli mpaka Kwihara kumweleza baba yake. Lugembe akasema yeye hana neno, ila mila za ukoo ziko mikononi mwa dada yake mkubwa, Ng’washi, anayekaa Bukene. Akampelekea ujumbe kwa dereva wa treni. Na Ng’washi, badala ya kutuma jibu, alikuja mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa kuvaa shanga nyingi, ambaye hakupata kusoma wala kubatizwa na hakuonekana kujutia chochote kati ya hivyo viwili. Alifika kwenye chumba cha masomo katikati ya kipindi, mdogo wake Lugembe akimfuata nyuma na mbuzi aliyenunuliwa na Anton. Akasimama mlangoni akiitazama ile migongo miwili.

“Nani kati yenu anafundisha?” aliuliza. “Maana naona wote mmenuna.”

Wanafunzi wakampa kiti. Ng’washi akaketi mbele, akamwambia Anton abaki alipo, asigeuke.

“Nimeambiwa unataka kufungua haya ya mama mkwe wako kabla mke wako hajazaa. Jambo hilo sijaliona. Niambie, mwanangu, ni elimu gani hiyo isiyoweza kumsubiri mtoto mmoja?”

Kwa mara ya kwanza tangu masomo yaanze, Anton alieleza bila kukohoa. Alisema mtoto anapotoka na kondo likafuata, mji wa mimba unatakiwa ukaze, uwe mgumu kama ngumi, uzibe mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto. Usipokaza, mishipa inabaki wazi, na damu ya mtu mzima inaweza kwisha kabla chungu cha maji hakijachemka. Alisema sasa iko dawa inayoukaza. Mkunga akiwa nayo karibu na akajua kuichoma, mama anabaki. Asipokuwa nayo, basi.

“Na huyu mama mkwe wangu,” alimaliza, “ndiye mkunga wa Kwihara yote. Mimi niko mjini. Atakayekuwepo pale kitandani ni yeye.”

Ng’washi alizungusha shanga zake kwa kidole. Lugembe, aliyekuwa mlangoni ameshika kamba ya mbuzi, alitazama chini. Wao wawili walikuwa na dada yao, wa katikati, aliyeondoka hivyohivyo, kijana, mtoto wake akiwa bado hajaoshwa.

“Lugembe,” Ng’washi alisema, “huyo mbuzi unamshikia nini? Achinjwe.” Kisha akamgeukia Anton. “Upande wa mwanamke tupo. Upande wako ni nani? Wazee wako wako wapi?”

Wazee wa Anton walikuwa mbali, Igunga. Kabla hajasema, Raymundi alisimama.

“Sisi,” alisema. “Darasa zima.”

“Sisi!” wakaitika wote, na Veneranda kwa sauti kuliko wengine, ingawa kwa haki alikuwa wa upande wa Bernadeta.

Siku hiyo masomo hayakuendelea. Mbuzi alipikwa nyuma ya jengo, akasindikizwa na ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde makavu, zilizoungwa karanga. Ng’washi aliweka chungu kidogo cha mchuzi katikati, akawaketisha mama na mkwe kila mmoja upande wake, bado wametazama pembeni. Anton akatandaza kitambaa kipya cha bluu magotini pa Bernadeta. Wakachovya tonge kwa pamoja, vidole vikagongana ndani ya mchuzi, wote wawili wakashtuka. Wakala.

“Sasa, mtazame mwanao,” alisema Ng’washi.

Bernadeta alishusha kanga taratibu, akageuza uso. Kumbe alikuwa kijana tu, ana masikio makubwa kidogo na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

“Jamani, una mwanya!” Bernadeta alisema. “Getruda hakuniambia kama una mwanya.”

Anton alicheka, mwanya wote ukaonekana, vigelegele vikapigwa. “Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba, baba. Marahaba sana.”

Tangu kesho yake Bernadeta alikaa benchi la mbele, na hapo Anton akagundua kwamba yale maswali yaliyokuwa yakipita kwa Veneranda yalikuwa robo tu. Mama mkwe aliuliza mpaka kengele ikagonga. Alijifunza kuchemsha bomba la sindano, kuvunja shingo ya chupa ndogo ya dawa bila kujikata, kuvuta dawa na kutoa hewa. Walijizoeza kwa kuchoma machungwa, na chumba chote kikanukia kama soko la matunda.

Siku ya mtihani kila mmoja alisimama mezani peke yake. Ikafika zamu ya Bernadeta. Alinawa mikono vizuri. Akachukua bomba kwa koleo. Kwenye sahani kulikuwa na vichupa viwili vinavyofanana, akachukua kilicho karibu, akakivunja, akavuta dawa, akatoa hewa, akalichoma chungwa kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Akarudi nyuma, akasubiri sifa.

Anton alikuwa akimtazama mikono. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

“Rudia, mama,” alisema.

“Nini?”

“Rudia. Hukusoma chupa.”

Veneranda alipiga ukelele. “Uwii! Mbuzi wa watu ameliwa bure!”

Bernadeta alishika kiuno. “Mke wako nilimzaa mimi, halafu unaniambia nirudie?”

“Ndiyo, mama.” Jasho lilikuwa likimtoka, lakini hakurudi nyuma. “Hicho ulichochukua ni cha kutuliza maumivu. Yule mgonjwa angelala usingizi mzuri huku damu inatoka. Nikikupitisha kwa sababu ni mama mkwe wangu, nitakuwa nimekudanganya wewe, na yeye.”

Bernadeta alimtazama kwa muda. Kwanza uso wake ulikuwa wa hasira, kisha hasira ikawa inahangaika kupata mahali pa kukaa. Alijua kwamba ni kweli. Akajua pia kwamba binti yake ameolewa na mwanaume hasa. Akanawa mikono upya. Akachemsha bomba upya, huku Anton akiweka sahanini kichupa kizima badala ya kile kilichovunjwa. Akainua kichupa mpaka karibu na pua, akasoma herufi moja moja kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, akakirudisha. Akachukua cha pili, akasoma tena, polepole, mpaka mwisho.

“Hiki,” alisema.

“Hicho, mama.”

Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa wagonjwa wodini kuja kuchungulia.

Alirudi Kwihara na kasha dogo lenye vichupa na bomba lake, akaliweka dispensari kwenye ubaridi wa mtungi wa maji. Lugembe alimwuliza shule ilikuwaje, akajibu kwamba mwalimu ni mkali lakini anajua kazi.

Vuli ilipoanza, watu wakiwa shambani wanapanda, aliitwa kwa Benedikta, mke wa mtu mmoja mfugaji wa nyuki, akaenda na kasha lake, bomba likiwa limekwisha kuchemshwa. Mtoto alikuja mchana, msichana, analia vizuri. Kondo likafuata. Kisha Bernadeta akaona shuka inabadilika rangi, na akaona ni kitu kilekile cha masika. Moyo ulimwenda mbio. Mikono haikukimbia. Alifungua kasha, akainua kichupa, akasoma herufi zote kwa sauti huku mama wa Benedikta akimpigia kelele kwamba huu si wakati wa kusoma. Akachoma. Akaweka kiganja juu ya tumbo, akasubiri huku akilikanda.

Chini ya kiganja chake mji wa mimba ulianza kujikusanya. Ulikuwa laini kama unga uliokandwa, ukawa mgumu, ukawa mgumu zaidi, kama ngumi. Damu ikapungua, ikawa matone, ikaacha.

Bernadeta hakuondoa mkono. Alikaa hivyo muda mrefu, akiusikia ule ugumu.

“Mbona unalia?” Benedikta aliuliza kwa sauti dhaifu.

“Silii. Ni moshi huo.”

“Mama, humu ndani hamna moto.”

“Hamna moto?” Bernadeta aligeuka kwa ukali kuwatazama wanawake waliojaa mlangoni. “Basi mmesimama hapo mnafanya nini? Washeni, mtu apate uji!”